Ubao wa Bwawa la Tatu

4 Februari

Shikamoo baba,

Natumaini mguu unaendelea kupona. Shangazi ameniambia kwenye simu kwamba unamchezea shere: ukisikia mlango wa mbele unafunguka ndipo unasimama na kushika fimbo, kana kwamba ulikuwa kwenye mazoezi tangu asubuhi. Nimemshauri awe anaingilia jikoni.

Sisi tuendelee na barua. Juzi nilipokupigia, nusu ya mazungumzo mimi nilikuwa nauliza habari za daktari na wewe unanijibu habari za mvua. Miaka thelathini kando ya pampu imekula masikio yako, na mimi siwezi kupiga kelele ofisini.

Leo nimetimiza wiki tatu kwenye kiti chako. Ofisi ni ileile: meza uliyoitegemeza mguu kwa kipande cha tofali, kabati la daftari, dirisha linalotazama bwawa la kwanza. Harufu nimeacha kuisikia tangu siku ya nne. Fundi Grisi anasema hiyo ndiyo barua halisi ya ajira, ile nyingine ni karatasi tu. Mhandisi ananiita "binti wa Mzee" mbele ya watu na "dada" tukiwa wawili. Amenipa daftari zako zote za vipimo, miaka kumi na tisa, nizipitie, maana anaandaa mpango wa ukarabati.

Ndege wako wapo. Wale weusi kwa weupe wenye miguu mirefu myekundu, uliowabatiza makarani, bado wanatembea kwenye tope kama watu waliochelewa kikao. Watu wa darubini walikuja Jumamosi kuwahesabu. Wakakuulizia kabla hata ya kunisalimu.

Sasa nina swali. Majitaka yakifika bwawa la tatu yanatakiwa kukaa siku kumi, jua liue vijidudu, ndipo yatoke kwenda mtoni. Nimepima yanayoingia na yanayotoka. Ubao wa kipimo unasema kina ni mita moja na nusu, na kwa kina hicho hesabu ilitakiwa kunipa siku kumi. Inanipa nane na nusu. Nimeirudia mara nne. Ama sijui kugawanya, ama ubao una kasoro. Unaonaje?

Binti yako

11 Februari

Kalamu,

Marahaba mama. Mguu ni mguu. Shangazi yako sasa anaingilia jikoni, na nimejua ni nani aliyemfundisha.

Nimefurahi kusikia daftari zinasomwa. Nikwambie machache ambayo hayamo humo. Ukiona ndege amekufa mwondoe siku hiyohiyo, umzike mbali na maji, hata kama ni wa kwanza na una kazi nyingine. Ukimwacha akavunda wakati wa joto, wenzake wanakula funza wake na kabla ya mwezi kwisha unazika kwa toroli. Matete ya upande wa ofisi yakatwe, ya ng'ambo yaachwe. Uzio wa kona ya mwisho, mbwa wanaufukua chini; weka mawe, waya hausaidii. Grisi mkumbushe mafuta ya pampu kila Jumatatu, atakwambia amekwisha kuweka, wewe nenda ukaangalie.

Kuhusu bwawa la tatu. Kila bwawa lina tabia yake. Hesabu za chuoni zinataka bwawa lililonyooka kama sanduku, na lile lina tumbo. Tena chini limejaa tope, ndiyo maana siku zinapungua. Ubao ni mzee kama mimi. Usome, uandike, uendelee na mengine. Usilisumbue miezi hii.

Unakula vizuri? Shangazi yako anasema sauti yako imekonda.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo baba,

Sikutaka tubishane kwa maneno, kwa hiyo nimepima.

Kwanza tope. Tuliingia na mtumbwi wa bati, nikashusha mti uliofungwa kitambaa cheupe mpaka sakafuni, nikautoa na kupima sehemu iliyochafuka. Nimefanya hivyo mahali kumi na sita. Tope ni kidogo, halitoshi kula siku moja na nusu. Bwawa halina tumbo.

Kisha ubao. Nilichukua mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani ambao waashi wanatumia kutafuta usawa. Fundi Grisi akashika ncha moja kwenye ile alama ya chuma ya kuonyesha usawa iliyo ukutani, pale mlango wa kutolea maji, mimi nikashika nyingine kwenye nguzo ya ubao. Ubao uko chini kwa sentimita ishirini na mbili. Ukiusoma mita moja na nusu, maji kwa kweli ni mita moja na ishirini na nane. Nadhani nguzo imezama taratibu kwenye udongo laini, na kwa kuwa ulikuwa unauona kila siku, usingeweza kugundua. Si kosa lako. Nimeandika hivyo kwenye taarifa.

Mhandisi ameidhinisha. Ubao nimeurudisha mahali pake. Maji tunayapandisha polepole ili kingo zisibomoke: mbao moja kwenye mlango wa kutolea maji kila wiki, kwa wiki tatu. Ya kwanza imewekwa leo.

Nitakuwa mkweli kwako: nimefurahi. Mwezi mzima watu wananiambia "Mzee alikuwa anafanya hivi." Leo ni mara ya kwanza nimefanya jambo ambalo halikuwemo kwenye daftari zako.

Nakula vizuri.

Binti yako

26 Februari

Kalamu,

Jana barua yako imefika, nikamwomba Shangazi yako akupigie akwambie utoe mbao. Akaniletea jibu: Mhandisi ameshaidhinisha, huwezi kutoa mbao bila sababu ya maandishi. Umejibu sawasawa. Ningekuwa Mhandisi ningekupandisha cheo. Haya, sababu ya maandishi hii hapa. Shangazi yako sikumwambia, maana akijua yeye, jioni anajua mtaa.

Ubao haukuzama. Niliushusha mimi, kidogo kidogo, mara tatu.

Maji yakiwa mita moja na nusu yanafika kwenye majani ya ukingo na tope halionekani. Yakipungua kwa urefu wa kiganja, upande wa ng'ambo unatoka tope lenye upana wa chumba. Humo ndimo wanamokula visubi na minyoo, na pale tope linapokutana na majani ndipo makarani wanapotaga. Muda huu wanalalia mayai. Ndiyo maana nilikwambia usilisumbue. Nilipaswa kusema yote na sikusema.

Ukiipata barua hii toa mbao siku hiyohiyo. Usisubiri sahihi ya mtu.

Baba yako

6 Machi

Baba,

Barua yako ilifika jana saa nne asubuhi. Mbao ya pili ilikuwa imeshawekwa tangu tarehe 27, siku mbili baada ya Shangazi kunipigia. Jana hiyohiyo tumezitoa zote mbili. Kwenye kitabu cha kazi nimeandika "dharura" na nikatia sahihi yangu.

Leo maji yalipokuwa yameshuka nimevaa buti nikaenda ng'ambo. Nimeweka kijiti kwenye kila kiota. Ukitaka kujua kwa nini sikuviona mwanzo: ni kishimo, vijiti vitatu, mayai manne yenye rangi ya tope. Na sikuwa nimewahi kufika upande ule. Wiki tano nilikuwa nausoma ubao kutoka kwenye ngazi ya ofisi, naandika, narudi mezani. Hilo ni langu, silipeleki kwako.

Viota ni arobaini na vitatu. Thelathini na vinne vilifunikwa na maji. Mayai yalikuwa bado mahali pake, yamepangika vizuri, baridi. Baadhi ya ndege walikuwa wamesimama juu ya pale palipokuwa kiota chao. Nilipokaribia hawakuruka.

Uliniandikia ukurasa mzima kuhusu mbwa na matete, halafu ukaniambia bwawa lina tumbo.

Kuna mambo mawili mengine, nayo ni makubwa kuliko hasira yangu.

La kwanza ni mto. Ukipunguza kina unapunguza siku. Kwa miaka kumi na tisa maji yametoka kabla ya wakati wake, na huko chini watu wanafua na kumwagilia mboga. Maabara ina majalada ya sampuli za kila mwezi. Nitayapitia yote.

La pili ni hili. Mhandisi amenionyesha mpango wake wa ukarabati. Kingo zote za bwawa la tatu zitajengwa kwa mabamba ya zege, yaliyosimama wima mpaka chini. Hakutakuwa na tope wala majani. Nikamuuliza, ndege je? Akafungua daftari zako. Akaniambia: "Dada, tazama mwenyewe. Mzee ameandika mita moja na nusu kila siku, na ndege wameongezeka mwaka hadi mwaka. Bwawa limejaa na wao wapo. Maana yake hawategemei kingo. Zege halitawadhuru."

Amekosea, baba. Na amekosea kwa sababu anakuamini.

Mkandarasi anaanza tarehe 20 Aprili. Kikao cha kupitisha mpango ni tarehe 28 mwezi huu.

Kalamu

13 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Ilianza hivi. Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa mabwawa, mlango wa la tatu ulivunjika, na ilichukua wiki sita kupata mwingine. Maji yakashuka. Mama yako alikuwa akiniletea chakula cha mchana, tunakula kwenye ukingo, na yeye ndiye aliyewaona kwanza. Wanne. Akaniuliza ni ndege gani, nikamwambia sijui, labda wametoka ofisi ya ardhi, tazama wanavyotembea. Jina likatokea hapo. Kesho yake wakawa tisa. Mlango ukaja, nikapewa amri ya kujaza mpaka mita moja na nusu na kuandika kila siku. Nikaenda kwa mhandisi wa wakati ule nikamweleza. Akaniambia yeye ameajiriwa kwa ajili ya choo, si kwa ajili ya bustani.

Basi nikafungua nati ya ubao.

Kuhusu mto, usidhani sikuwaza. Bwawa la pili nililizidisha kina ili lifidie siku zilizopungua kwenye la tatu. Kwenye daftari sikuandika. Utaniambia majalada yanasemaje.

Sasa na mimi nikuombe. Unajua kwamba wasimamizi wa miji mingine huletwa pale kujifunza. Nimewafundisha kumi na mmoja. Kila mmoja nimemkalisha kwenye ile meza nikamfungulia zile daftari nikamwambia, kazi inaandikwa hivi. Nilipostaafu Mhandisi alisema mbele ya watu wote kwamba hajawahi kuona vipimo vya uaminifu kama vile, nikapokea mkono wake.

Wewe umeshaandika kwenye taarifa kwamba nguzo ilizama yenyewe. Iache hivyo. Ilizama, maji yakawa chini, ndege wakapenda. Mhandisi atapata sababu yake ya kuacha zege na hakuna mtu atakayeumia. Nguzo haina jina la kuharibika.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Nimemaliza majalada. Ni miezi mia mbili ishirini na minane. Miezi kumi na mmoja maji yaliyotoka hayakuwa safi kama inavyotakiwa, na yote ni miezi ya mvua kubwa, wakati mabwawa yote yanazidiwa. Huenda yangeshindwa hata kama ubao ungekuwa mahali pake. Huenda miezi kadhaa ingenusurika. Siwezi kukwambia kwamba ni wewe na siwezi kukwambia kwamba si wewe. Ukweli wenyewe ndio huo, na ningetamani ungekuwa mwingine, wa upande wowote.

Nilimfuata Fundi Grisi kwenye chumba cha pampu. Alikuwa anakunywa chai juu ya ndoo.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilishika nguzo. Mzee akafungua nati, mimi nikashika nguzo. Mara tatu."

"Na mimi ulinishikia mpira wa maji, ukanyamaza."

"Uliniuliza maji yamesimama wapi, nikakuonyesha. Nilidhani mzee kashakwambia, umeamua kuyamaliza. Vijana mkipewa ofisi mnapenda kufagia."

"Ningekuwa najua, ningeweka mbao?"

"Sasa mimi nitajulia wapi? Baba na mtoto mnaandikiana kama serikali mbili."

Nikarudi ofisini.

Kuhusu ombi lako. Nimelifikiria kwa siku tatu, si kwa sababu lilikuwa gumu kulijibu, bali kwa sababu nilitaka niwe na hakika kwamba sijibu kwa hasira. Nguzo ikiwa ilizama yenyewe, ilizama lini? Mwaka gani ilikuwa imezama kiasi gani? Mhandisi atauliza, na uongo hautakuwa na jibu. Atasema huenda imezama mwaka jana tu, na kabla ya hapo bwawa lilikuwa limejaa na ndege walikuwepo. Zege litamwagwa palepale. Uongo wako wa kwanza uliwaleta makarani. Huu wa pili hautawasaidia, utakusaidia wewe peke yako.

Nitamwambia kwenye kikao. Nitataja jina lako, sitasema "msimamizi wa zamani" kana kwamba simjui. Ukitaka kumwandikia mwenyewe kabla, una siku tisa. Ningefurahi sana.

Kalamu

29 Machi

Shikamoo baba,

Hukuandika, kwa hiyo nimesema mimi.

Tulikuwa sita mezani. Nilisimama, nikaeleza kwa mpangilio: alama ya chuma, mpira wa maji, nati, barua yako. Sikuisoma barua yenyewe, hiyo ni yangu. Nilipomaliza, Mhandisi alivua miwani akaisafisha kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Kwa hiyo daftari hizi ni za uongo."

"Kipimo cha bwawa la tatu, na la pili. Ndege ni wa kweli."

"Nani kasema? Si ni mkono uleule ulioandika?"

"Ndiyo."

"Basi sina kitu, dada. Jana nilikuwa na miaka kumi na tisa, leo sina hata siku moja."

Hakuipaza sauti. Ningependelea aipaze. Mgeni mmoja kutoka makao makuu akasema labda nimetunga ili kufunika viota nilivyovizamisha. Mhandisi akamwambia, "Huyu? Angetunga, asingemtaja baba yake."

Mwishoni alinibakisha. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu yanakuhusu: "Niletee tarehe. Ubao ulishushwa lini, na kila mara kiasi gani, kwa mkono wake na sahihi yake. Nikiona kwamba kila uliposhuka ndege waliongezeka, nina kitu cha kuweka mezani. Zege halimwagwi, bwawa la tatu linashushwa rasmi miezi ya kutaga, la pili linaongezwa, na maji yanapimwa kila wiki badala ya kila mwezi. Nisipozipata tarehe hizo, mkandarasi anaingia tarehe ishirini, na sitamzuia, kwa sababu sitakuwa na cha kumzuilia."

Fundi Grisi nimemuuliza. Anakumbuka kwamba mojawapo ya siku hizo kulikuwa na upepo.

Ni wewe tu unayejua. Najua ninachokuomba. Nilipomtajia Mhandisi kwa mdomo, ilikuwa ni habari. Ukiandika kwa mkono wako, kila tarehe, kila sentimita, itakuwa ni kumbukumbu, na itakaa kabatini pamoja na zile daftari, na wasimamizi wanaokuja kujifunza wataisoma. Sitakwambia kwamba ni jambo dogo.

Makarani wamerudi kwenye tope la ng'ambo. Nimesoma kwamba wakipoteza mayai hutaga tena wiki chache baadaye, mradi wakute mahali. Mpaka leo nimeona vishimo vipya saba, viwili vina mayai.

Binti yako

10 Aprili

Baba,

Siku kumi na mbili sijapata neno. Shangazi anasema barua yangu uliipokea, ukaisoma, ukaiweka chini ya mto, na tangu hapo unakaa barazani tangu asubuhi na hutaki kuulizwa. Amenishutumu mimi. Anasema, "Sijui ni nini umemwandikia baba yako, lakini mtu mzima hafanyiwi hivyo." Sikumweleza. Alijaribu kukupa simu nikasikia unasema husikii, wakati nilikuwa bado sijasema kitu.

Leo malori matatu ya kokoto yameshusha mzigo ng'ambo, hatua arobaini kutoka kwenye viota. Vibarua wamepima ukingo na kuchora mstari wa chokaa. Mstari unapita katikati ya mahali wanapotaga.

Sitaandika tena kukuomba. Nikiandika itakuwa ni kukusalimu tu, na utanijibu ukipenda.

Kalamu

14 Aprili

Kwa Mhandisi Mkuu,
Idara ya Majitaka.

Barua hii anaileta dada yangu kwa mkono, kwa sababu siamini kwamba posta itawahi tarehe ishirini. Yaliyomo hakuyajua mpaka jana, nilipomsomea yote. Imechukua siku nyingi kwa kuwa nilitaka tarehe ziwe sahihi.

Haya ni masahihisho ya daftari za vipimo vya mabwawa, miaka kumi na tisa, zilizoandikwa na mimi.

Mwaka wa kwanza, tarehe 2 Juni, niliushusha ubao wa bwawa la tatu sentimita kumi. Tangu siku hiyo, kila kipimo cha bwawa hilo toa kumi.

Mwaka wa tano, tarehe 15 Januari, niliushusha saba zaidi. Toa kumi na saba.

Mwaka wa kumi na mbili, tarehe 9 Novemba, niliushusha tano zaidi. Toa ishirini na mbili, mpaka siku niliyokabidhi ofisi.

Unaweza kuhakiki. Siku zote tatu, kwenye safu ya kazi, nimeandika "kupaka rangi ubao". Hakuna siku nyingine nilipoandika maneno hayo, na ubao ule haujawahi kupakwa rangi.

Bwawa la pili lilikuwa juu ya kiasi nilichoandika kwa sentimita kumi na tano tangu mwaka wa kwanza. Nilifanya hivyo ili maji yasipungukiwe siku. Katika miezi kumi na mmoja ya mvua ambayo sampuli zilishindwa, siwezi kuthibitisha kwamba kufidia huko kulitosha. Jambo hilo nalibeba mimi.

Mwaka wa nane, tarehe 3 hadi 13 Agosti, mke wangu alikuwa hospitali, kisha tukamzika. Sikufika kazini. Vipimo vya siku hizo kumi na moja nilivijaza niliporudi, kwa kukisia, na ndege wa siku hizo niliwatunga ili ukurasa usibaki mtupu. Zifute zote.

Hakuna aliyenituma. Aliyenishikia nguzo alikuwa chini yangu na alitii. Msimamizi wa sasa hakujua lolote mpaka nilipomwandikia, na nilichelewa kumwandikia. Viota thelathini na vinne vya mwaka huu viandikwe kwa jina langu.

Kila kipimo kingine kilichomo, na kila ndege, nilimwona kwa macho yangu.

Aliyekuwa Msimamizi wa Mabwawa

Nakala: Msimamizi wa Mabwawa